Mjomba, niandikie tena ile herufi S

Shikamoo mjomba wangu,

Siku ile nilipokukuta barazani umezifunga brashi zako kwa mpira na kuzitumbukiza kwenye kopo tupu la rangi, uliniambia, "Mpwa wangu, mkono haunitii tena." Nilinyamaza, sikuwa na jibu. Leo ninalo, nimelipata kwa mzee mmoja wa Hispania.

Mzee huyo ni Francisco de Goya, aliyezaliwa mwaka 1746 katika kijiji cha Fuendetodos akapanda hadi kuwa mchoraji wa mfalme. Alipokaribia miaka 47, maradhi yalimwacha kiziwi. Mwaka 1824, siasa za Hispania zilipokuwa zimechafuka na mfalme anawaandama wapenda mageuzi, alihamia Bordeaux, Ufaransa. Alikuwa na miaka 78. Rafiki yake Moratín aliyempokea huko aliandika kwamba amefika kiziwi, mzee, mzito na dhaifu, hajui hata neno la Kifaransa, lakini ana furaha na hamu kubwa ya kuiona dunia.

Huko Bordeaux ndiko alikochora picha ninayotaka uione. Ni ndogo, haifiki hata ukurasa wa daftari la shule, na imechorwa kwa kalamu nyeusi tu. Mzee mwenye ndevu ndefu nyeupe anakuja upande wetu, ameegemea fimbo mbili. Nyuma yake ni giza. Juu pembeni kuna maneno mawili ya Kihispania, *Aún aprendo*: bado najifunza.

Nimeikuza kwenye simu mpaka mistari ikawa minene kama kamba. Mjomba, hakuna mstari ulionyooka mle! Kanzu ya yule mzee ni mikwaruzo, mingine imekatika, mingine imerudiwa. Giza la nyuma ni michirizi iliyopandana. Na weupe wa ndevu hakuupaka kwa chochote. Karibu wote ni karatasi yenyewe iliyoachwa. Angeinyoosha ile mikwaruzo, naamini yule mzee angesimama kama sanamu. Sasa hivi anatembea. Unaona kabisa uzito unavyohama kutoka fimbo hii kwenda ile.

Wala usidhani mkono wake ulikuwa mzima. Desemba 1825 alimwandikia rafiki yake kwamba hana macho, hana mkono uliotulia, hana kalamu wala kidau cha wino. Vyote vimempungukia, nia peke yake ndiyo imemzidi. Na mwaka huohuo alikuwa ameshika kazi iliyokuwa bado mpya, ya kuchora juu ya jiwe kwa kalamu ya mafuta ili picha ichapwe kwenye karatasi. Wengine walililaza jiwe mezani. Yeye alilisimamisha kama ubao, akachora akiwa wima, na alipoona macho hayatoshi akachukua kioo cha kukuzia. Ndivyo zilivyotoka zile picha zake nne za michezo ya fahali. Alifariki Aprili 1828, ana miaka 82.

Nakumbuka nikikushikia kopo la rangi nyekundu ulipokuwa ukiandika bango la kinyozi. Herufi S uliivuta kwa pumzi moja, na mimi nikabana pumzi pamoja nawe. Najua S ile haitarudi, sitakudanganya. Ila mkono ulionao leo una mistari ambayo mkono ule wa zamani usingeweza kuitoa, na hakuna aliyewahi kuiona, hata wewe mwenyewe.

Jumamosi nakuja. Nitaleta karatasi na kalamu nyeusi nene, ile laini isiyotaka kukandamizwa. Mwambie shangazi asiitupe ile meza ndogo ya uani. Tutakaa pale kivulini, nami nitakuomba uniandikie S moja, itoke itakavyotoka.

Mpwa wako