Mwanangu, usimfute yule ng'ombe

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi tu wazima. Tangu unipigie Jumapili, lile neno la mwalimu wako limenikaa kichwani. Eti aliutazama mchoro wako akauliza, "Ng'ombe tu? Hukupata kitu kikubwa zaidi?" Siku ile nilinyamaza. Leo jibu ninalo.

Mwaka 1647, Uholanzi, Paulus Potter alichora fahali. Alizaliwa 1625, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe uone alikuwa rika la nani. Picha ina kimo cha karibu meta 2.4 na upana wa karibu meta 3.4, yaani fahali anakaribia ukubwa wake halisi. Wakati ule, ukubwa huo waliwekewa wafalme, watakatifu na vita. Yeye akampa mnyama wa malishoni.

Sasa sogea karibu. Mgongoni na ubavuni pana inzi. Chini, nyasini, pana chura, na mavi ya ng'ombe yamechorwa kwa uangalifu uleule uliotumika kwenye jicho la fahali. Juu anaruka ndege mdogo, kipozamataza. Mwenye mifugo amesimama nyuma ya mti, kando ya kondoo dume, jike na mwanakondoo, kama mtu aliyeambiwa asisumbue. Mbali kabisa unaonekana mnara wa kanisa la Rijswijk, mdogo kuliko pembe ya fahali. Hapo nilicheka peke yangu.

Aliyewahi kuchunga atagundua jambo jingine: fahali huyu hayupo duniani. Mabega ni ya dume lililokomaa, pembe ni za kijana, na nyuma ni kwembamba kama kwa dume ambalo bado linakua. Potter aliwaunganisha ng'ombe kadhaa wakawa mmoja. Wewe uliniambia unaona haya kwa sababu miguu ya ng'ombe wako uliitoa kwa mmoja na kichwa kwa mwingine. Haya!

Tena hakupanga yote tangu mwanzo. Alianza na fahali peke yake, halafu nafasi ikambana, akaongeza vipande vya kitambaa pembeni na juu ndipo wengine wakapata pa kusimama. Ukiishiwa karatasi, gundisha nyingine.

Wafaransa waliichukua picha hiyo wakaipeleka Paris mwaka 1795. Ilirudi 1815, na sasa iko kwenye jumba la makumbusho la Mauritshuis, mjini The Hague, Uholanzi. Potter hakuyajua hayo. Alifariki 1654, akiwa na miaka 28. Aliyemfundisha kazi ni baba yake, Pieter, naye mchoraji. Mimi sijui hata kushika brashi, hilo unisamehe, lakini ng'ombe nawajua.

Ukija likizo uje na mchoro. Nataka kuliona lile sikio la kushoto unalosema limekushinda. Nadhani umeliweka juu mno. Likae chini ya pembe, si sambamba nayo.

Mama anakusalimu.

Baba yako