Kiingereza tukisikilize kwanza kwa wenyewe

Wadau wa guiding (kuongoza watalii) Bagamoyo, habari za jioni. Leo pale Kaole nilimpokea mgeni wa Uingereza nikamwambia "sorry for the journey", nikimaanisha pole na safari, akashtuka akauliza kwani njiani kumetokea nini? Baadae namsikiliza anaongea na mwenzake aliyeingia na gari lingine, akamuuliza tu "how was the drive?" basi, na ndo pole yao hiyo. Nimeiandika papo hapo.

Jamani hapa ndo tunapokwama, grama tunaijua ila tunatafsiri neno kwa neno. Mvua kubwa wao wanasema "heavy rain", chai ya rangi iliyokolea ni "strong tea", na kosa hawasemi "do", ni "make a mistake". Hakuna kanuni ya kukariri hapo, ni mazoea yao tu, kama sisi tunavyopiga picha, tunapiga pasi, tunapiga simu na hakuna anayepigwa.

Ukiwa na wasiwasi na sentensi, iweke kwenye alama za kunukuu utafute Google, uone wenyewe wanaiandika kwenye habari gani (msihesabu majibu tu, angalieni nani kaandika). Kuna na British National Corpus, mkusanyiko wa maandishi na maongezi halisi wenye maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza, mengine ni maongezi ya kawaida kabisa.

Jumamosi saa kumi Ngome Kongwe, kila mtu aje na sentensi 3 alizozisikia kwa mgeni, ziandikwe kama zilivyosemwa, msizirekebishe.