Siku uliyomjibu hakimu "popote tu"

Mwanangu, baba'ngu,

Nakuandikia meseji ndefu maana tukikaa sebuleni nikianza tu kusema nalia, na wewe nikilia unatoka nje. Kesho unapanda basi kwenda Dar kwa baba ako, nataka uende moyo umetulia.

Siku ile mahakamani hakimu alivyokuuliza unataka kukaa na nani ukamjibu "popote tu". Wakili alishaniambia kabla kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mtoto aliyefikia umri wa kujieleza asikilizwe, ndo maana wiki nzima nilikupikia pilau, nasubiri useme "mama". Uliposema popote nikakununia mpaka stendi. Ulikuwa na miaka 14, umekataa kumuumiza baba ako na umekataa kuniumiza mimi, halafu mimi nikaona umenisaliti. Nisamehe baba.

Tukahamia huku Tanga kwa bibi ako, shule mpya katikati ya muhula, ukawa mtu wa kula, kulala na simu. Nilikupigia makelele sana kipindi kile.

Mpaka ile baiskeli ya marehemu babu. Tanga kila nyumba ina baiskeli, yetu inaozea tu uani, ukaanza kushinda kwa yule fundi wa Ngamiani kila ukitoka shule. Jioni moja nikakukuta umeigeuza miguu juu, unazungusha tairi la nyuma unalitegea sikio, unakaza spoku moja, unazungusha tena, grisi mpaka kwenye viwiko, na unapiga mluzi. Mluzi! Tangu Dar sikuwahi kuusikia. Halafu ukasema "mama mi nikimaliza fomu foo naenda VETA, nataka ufundi", na wala hukuniangalia usoni kujua nimekasirika au vipi. Zamani ungeniangalia. Usiku ule nililala vizuri jamani.

Sasa ukiwa kule usipime maneno ukinipigia. Mkienda Feri kula samaki niambie, mama ako mdogo akikupikia ukashiba niambie pia, mi sitaumia, na nikiumia hiyo ni kazi yangu sio yako.

Baiskeli nimeifunika turubai, pampu nimeificha maana binamu zako wanaitolea macho. Kwenye kiroba kuna machungwa ya Muheza, yale makubwa ya juu mpe baba ako, anayapenda.

Mama