Maji yanachafukia kwenye mtungi

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kutoka Malindi. Naandika kuhusu hii michango ya maji ya wakimbizi, manake hapa mjini kukichangwa pesa za ndugu zetu wa Dadaab utaskia kisima tu, kisima tu, na mimi kisima sikikatai hata kidogo lakini naomba tuyafuate yale maji mpaka mdomoni kwa mtoto.

Mwaka 2018 mto Sabaki ulipofurika na watu wa Magarini wakawa wanalala kwenye mahema nilijitolea kupima dawa ya maji. Kazi yenyewe rahisi, unatia maji kwenye kichupa, unadondosha kidonge, yakigeuka pinki klorini, ndio hiyo dawa, ipo, yakibaki vilevile hakuna kitu. Asubuhi pale kwenye tangi yaligeuka pinki vizuri kabisa. Saa tisa alasiri nikaingia hema la mama mmoja nikamuomba yaleyale maji aliyoteka asubuhi, nikatia kidonge, nikatikisa, nikangoja weee, hayakugeuka. Kuchungulia ndani ya mtungi, ule wa plastiki, naona utando wa kijani umeshika pembeni na mdomo umekatwa kwa kisu ili kikombe kipite. Hapohapo kijana wake wa kama miaka 3 akaja mbio kutoka nje, mkono ndani mpaka kiwiko, akateka akanywa akarudi kucheza. Na yule mama si mchafu jamani, hema lake lilifagiwa kuliko nyumba nyingi za hapa mjini, ila mtungi alikuwa nao huohuo mmoja, wa kunywa, wa kupikia, wa kumuoshea mtoto.

Tangu siku ile nikaanza kusoma haya mambo. Kumbe dawa huliwa na uchafu, na joto, na masaa. Kambini kawaida wanataka klorini iwe miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita pale mferejini, lakini waliopima kwenye kambi za Sudan Kusini, Jordan na Rwanda waliona kipimo cha mferejini peke yake hakikuhakikishii maji ya nyumbani, yaani lazima mtu aende mpaka hemani apime pale maji yanaponywewa alafu ndio aamue dawa ya kwenye tangi iwe kiasi gani. Na Malawi, kwenye kambi ya wakimbizi wa Msumbiji mwaka 1993, familia zilipewa ndoo zenye kifuniko na mdomo wa kumiminia, mkono hauingii, na kuharisha kwa watoto wa chini ya miaka 5 kukapungua kwa asilimia 31. Ndoo tu hiyo! Sasa tukumbuke Goma kule Kongo 1994, watu wa Rwanda walivyokimbilia pale wakawa wanateka maji ya ziwa Kivu, kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu ndani ya wiki chache.

Kuna na hili la matope. Maji ya mafuriko ukiyatia dawa yakiwa mekundu vile, dawa yote inaishia kwenye tope. Bibi zetu walikuwa wakizungusha shabu, lile jiwe jeupe la kutuliza tope, ndani ya mtungi, wanayaacha yatulie alafu wanayachuja kwa leso, na hiyo ndio hatua ya kwanza hata leo, kisha ndio dawa.

Wazee wa huku wanaikumbuka kambi ya Marafa miaka ya mwanzo ya tisini Wasomali walipokimbia vita, kwahivo wakimbizi kwetu si habari ya mbali ya kwenye redio.

Ninachoomba kwa wanaochangisha ni kila familia ipate mitungi miwili, mmoja wa kunywa peke yake, wenye mdomo mwembamba na kifuniko kinachobana, pamoja na sabuni. Na iwe inasuguliwa, mchanga na kokoto kidogo na maji unatikisa mpaka ule utando utoke, nimeifanya mwenyewe, inatoka. Kisima kikichimbwa na hivi vikapatikana pesa zetu zitakuwa zimefika.

Msikiti wetu utachanga tena mwezi ujao. Nimeshawaambia wazee niko tayari kwenda nao sokoni kuchagua hiyo mitungi, na anayetaka kuongozana nasi karibu.

Msomaji wenu,
Malindi