Mgeni alale, lakini mpangaji asifukuzwe

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu ujanani na sijawahi kukuandikia, hata pale nilipoona mambo yamepindishwa waziwazi. Safari hii kunyamaza kumenishinda. Ile taarifa yenu ya ukurasa mzima kuhusu wenye nyumba wanaopokea mashabiki wakati wa mashindano makubwa, mliyoipa kichwa cha "Mgeni njoo, mwenyeji apone", inamsifu mwenye nyumba, inamsifu mgeni, inaisifu hata programu ya simu inayowakutanisha. Mtu aliyekuwa akilala kwenye kile chumba kabla mgeni hajafika hakuulizwa lolote. Mtu huyo ni mimi, na tuko wengi.

Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya: sina ugomvi na anayempokea mgeni nyumbani kwake. Mashindano makubwa huleta watu wengi kuliko vitanda vilivyopo, na waandaaji wenyewe huwahi kushika vyumba vya hoteli kwa mafungu kwa ajili ya maofisa, wadhamini na waandishi wa habari, kisha vile wasivyovihitaji huvirudisha sokoni siku zimekwisha karibia. Shabiki wa kawaida anabakiwa na makombo kwa bei ya kuruka. Mwaka 2012, Ukraine na Poland zilipoandaa Kombe la Ulaya, hoteli za Ukraine zilipandisha bei mpaka Michel Platini, wakati huo rais wa UEFA, shirikisho la mpira wa miguu la Ulaya, akawakemea wenye hoteli hadharani na kuwaita majambazi. Wako raia wa Ukraine walioona aibu wakawafungulia wageni vyumba vyao bure. Huo ndio uungwana. Kule Augusta, Marekani, wenyeji wamezoea kuwapisha wageni wa mashindano ya gofu ya Masters kila Aprili, na sheria ya kodi ya nchi hiyo inamruhusu mtu kupangisha nyumba anayoishi mwenyewe kwa siku zisizozidi 14 kwa mwaka bila mapato hayo kukatwa kodi. Angalia masharti yenyewe, Mhariri: nyumba anayoishi mwenyewe, na kwa siku chache. Mwenyeji anaondoka kwa hiari yake na pesa ikiwa mfukoni mwake, kisha anarudi kwake. Hakuna aliyetupiwa vyombo nje.

Kwangu haikuwa hivyo. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili, mwendo wa miguu kutoka uwanjani, na sikuwahi kudaiwa kodi hata mara moja. Miezi michache kabla ya mashindano mama mwenye nyumba akaja na mpwa wake. "Mwanangu," akaniambia, "paa limechoka, tunataka kuliangalia." Nikawafungulia. Yule kijana hakuinua hata macho darini. Alizunguka vyumbani akipiga picha kwa simu, dirisha, jiko, bafu, kitanda, na mimi nikawatengea viti. Baadaye ikaja notisi: nyumba inafanyiwa ukarabati, hamisha vyombo. Nikaanza kutafuta pa kwenda, na kila dalali niliyemfuata alinijibu kwamba vyumba vya karibu na uwanja vimeshikiliwa mpaka mashindano yaishe. Mwenzangu kazini ndiye aliyenionyesha tangazo kwenye simu yake. Mapazia ni yangu. Kochi ni langu. Kwenye kona ya picha ya chumba cha kulala vinaonekana viatu vya shule vya binti yangu, kimoja kimelala ubavu. Chini ya picha wameorodhesha huduma atakazozikuta mgeni: feni, niliyoinunua mimi, na intaneti ya kasi, ambayo mkataba wake una jina langu na bili yake ninailipa mimi! Nilipompigia simu mama hakukana. Alisema, "Na mimi natafuta, mwanangu, ni mwezi mmoja tu, utarudi." Binti yangu akafanya mitihani akitokea kwa shangazi yake, analala sebuleni, anaamka alfajiri kuwahi basi. Mashindano yalipokwisha nikaambiwa kodi imepanda, na kiwango kipya nikatumiwa kwa ujumbe wa simu kwa sababu kukitamka kulimshinda. Paa mpaka leo halijaguswa bati hata moja.

Wala usiseme ni bahati mbaya ya mtu mmoja aliyekutana na mwenye nyumba mbaya. Kabla ya Olimpiki ya London mwaka 2012, shirika la hisani la makazi liitwalo Shelter lilitoa tahadhari kwamba wapo wapangaji wanaotolewa au kupandishiwa kodi kwa ajili ya Michezo ile. Doha, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia la 2022, majengo yaliyokuwa yakikaliwa na maelfu ya wafanyakazi wahamiaji yalifungwa, na yalikuwa katika maeneo ambayo mashabiki walitarajiwa kufikia. Serikali ya Qatar ilisema hatua hiyo haihusiani na mashindano. Wale waliokutwa vibarazani na magodoro yao sidhani kama maelezo hayo yaliwasaidia kupata pa kulala. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nchi hiyohiyo ilikuwa na utaratibu mzuri kando ya huo: mkazi aliruhusiwa kuwapokea ndugu na marafiki nyumbani kwake, mradi awaandikishe. Kwa hiyo njia ya kumlaza mgeni bila kumfukuza mtu ilijulikana. Hata Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ilipotia saini mwaka 2019 mkataba wa kuifanya Airbnb, kampuni ya programu ya kukodishia wageni nyumba, mdhamini wake mpaka Michezo ya 2028, haikukosa wa kuitahadharisha. Meya wa Paris wakati huo, Anne Hidalgo, aliiandikia mapema kwamba biashara hiyo inapandisha kodi na kuwapunguzia wakazi nyumba za kuishi. Mkataba uliendelea vilevile. Mkubwa akishaamua, sisi wa chini tunaambiwa tuushangilie ugeni.

Hapo Paris nina jambo jingine, na wewe kama mzazi utanielewa. Kwenye maandalizi ya Michezo ya 2024, wanafunzi zaidi ya 2,000 wanaoishi kwenye mabweni ya serikali walitakiwa kupisha vyumba vyao wakati wa kiangazi ili walale watu wa kazi za Michezo. Walikwenda mahakamani, na mwishowe wakashindwa. Kifuta jasho kilikuwa euro 100 na tiketi mbili. Tiketi! Mtu umemtoa chumbani, unampa ruhusa ya kwenda kuketi uwanjani kwa saa kadhaa, halafu akitoka hapo aende wapi? Mwanafunzi anayekaa bwenini wakati wa likizo mara nyingi ndiye asiye na nauli ya kurudi kwao, au ana kibarua anachotegemea kulipia masomo ya mwaka unaofuata. Kila mahali yanapokwenda mashindano wa kwanza kuombwa "avumilie kidogo" ni yule asiye na hati ya nyumba mkononi: mwanafunzi, mfanyakazi mgeni, mpangaji. Sijasikia hata siku moja mwenye jumba la vyumba vinane ameombwa avumilie. Na magazeti yetu, Mhariri, yanaandika kuhusu nyasi za uwanja, taa za uwanja, barabara ya kuingilia uwanjani, hata rangi ya viti, kwa miezi mfululizo, bila kumtuma mwandishi mmoja aende kubisha hodi kwenye nyumba zinazouzunguka uwanja huohuo.

Mmeandika pia kwamba kila mwenye chumba atavuna. Mngewauliza wa Paris. Nyumba nyingi mno ziliingizwa sokoni kwa pamoja, kila mmoja akiwa na bei ya ndoto, na Michezo ilipokaribia wengi wakalazimika kushusha bei mara juu ya mara. Mgeni ana macho. Akiona matangazo elfu anachagua la bei nafuu. Kwa hiyo mpangaji anafukuzwa kwa ajili ya pesa ambayo pengine haitakuja, na chumba kinakaa kitupu. Changu, kwa maelezo ya majirani, usiku mwingi hakikuwashwa taa.

Kwa kuwa mnapenda kuwauliza wasomaji wana maoni gani, haya yangu. Iwe marufuku kwa mtu kutangaza nyumba kwa wageni wa mashindano kama yeye mwenyewe haishi humo. Hilo si ndoto yangu. New York, tangu Septemba 2023, imekuwa ikimtaka anayepokea wageni kwa muda usiofika siku 30 ajiandikishe, awepo nyumbani wageni wakiwepo, na asizidishe wageni wawili. Fainali ya Kombe la Dunia la 2026 ilipangiwa New Jersey, ng'ambo tu ya mto, na jiji halikuona sababu ya kuifuta sheria hiyo kwa ajili ya mpira. Ufaransa mwenye nyumba isiyo na samani akitaka kumtoa mpangaji hulazimika kusubiri mkataba uishe, ampe notisi ya miezi 6, na aeleze sababu inayokubalika kisheria. Nyumba anayoishi mwenyewe naye Mparisi aliwekewa mpaka wa kuipangisha kwa wageni siku 120 kwa mwaka, na tangu 2025 zimepunguzwa zikawa 90.

Basi na iandikwe kwenye mkataba wenyewe wa kuandaa mashindano, palepale wanapoahidi viwanja na viwanja vya ndege, kwamba kuanzia mwaka mmoja kabla ya filimbi ya kwanza mpaka miezi mitatu baada ya fainali, hakuna notisi ya kumtoa mpangaji itakayotambuliwa ndani ya kilomita kumi kutoka uwanjani, isipokuwa amekataa kulipa kodi. Anayedai ukarabati aje na fundi na makadirio ya gharama, akaguliwe kazi ikianza na ikiisha. Programu za kukodisha nyumba zisipokee tangazo lisilo na namba ya usajili, na picha zipigwe na mkaguzi, asiwe mpwa wa mtu. Pawepo ofisi ya malalamiko inayofunguliwa usiku, maana vyombo vyetu hutolewa nje jioni ofisi zimeshafungwa. Na fedha ya dhamana tunayoitoa tunapoingia kwenye nyumba ikae benki, kwenye akaunti ambayo mwenye nyumba hawezi kuigusa peke yake. Yangu sijarudishiwa mpaka leo ninapoandika, na nikiuliza ninaambiwa imetumika kwenye ukarabati.

Wako,
Mpangaji (jina na anwani nimempa Mhariri)