Wembe kabla ya upasuaji uachwe

Mhariri,

Kaka yangu alipofanyiwa upasuaji wa ngiri hapa Mtwara, tuliagizwa tukanunue wembe dukani. Alinyolewa kavukavu, ngozi ikabaki na vitone vya damu. Kidonda kilitunga usaha, tukakisafisha siku kumi na moja.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani limeshauri nywele zisinyolewe kwa wembe kabla ya upasuaji. Zikilazimika kuondolewa, itumike mashine. Wembe huacha michubuko midogo, vijidudu vikapata pa kuingilia. Hayo yametokana na utafiti, si mazoea. Wauguzi wetu wanajituma mno, siwalaumu hata kidogo. Ninachoomba kwa waganga wakuu: mwongozo huo ufike wodini, na mashine zije nao.

Msomaji,
Chikongola, Mtwara