Sentensi niliyomfundisha mgeni wetu

Bibi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 22, mkazi wa Makorora hapa Tanga, na ninasoma mwaka wa pili wa stashahada ya utabibu. Mafunzo ya vitendo ninayafanya katika hospitali ambayo sitaitaja, kwa kuwa sikusudii kumwaibisha mtu. Ninachotafuta ni namna ya kutoka katika jambo ambalo mimi mwenyewe nimelichangia kwa kinywa changu.

Jumapili iliyopita tulimpokea nyumbani msichana wa Kimarekani mwenye miaka 20, aliyeletwa na programu inayowatafutia wanafunzi wa nje nafasi za kujifunza kazi hospitalini wakati wa likizo yao ndefu. Wao huiita likizo ya kiangazi, naye alishangaa kukuta kusi la Julai linavuma na mama amejitanda khanga mbili alfajiri. Mama huwapa wageni wa namna hiyo chumba na chakula, naye hulipwa kwa wiki. Huyu atakaa wiki sita, na fedha zake zimekwisha kupangiwa kazi, maana ndizo zitakazomaliza deni la ada yangu ya muhula uliopita. Ninaomba ulikumbuke hilo unaposoma yanayofuata.

Ni msichana mwema na mwepesi wa kujifunza. Alikuja ameshika neno moja tu, shikamoo, na siku ya kwanza alimwamkia nalo mtoto wa jirani wa miaka sita, ambaye aliitikia marahaba bila kupepesa macho. Usiku huo, tulipokwisha kula, aliniuliza ajitambulisheje hospitalini. Nilimfundisha aseme: "Mimi ni mwanafunzi, ninasomea udaktari." Aliirudia mpaka mama akampigia makofi, na asubuhi yake alikwenda akiwaambia hivyo wauguzi, walinzi na hata wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi.

Sentensi hiyo haikuwa kweli, ingawa wakati ule hakuna kati yetu aliyelijua hilo. Hapa kwetu mtu hutoka kidato cha sita akaingia moja kwa moja katika shahada ya udaktari, akasoma miaka mitano, kisha akafanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi. Kwa hiyo anayesema anasomea udaktari, sote tunaelewa kwamba yumo darasani mwa madaktari. Kwao Marekani mambo ni tofauti: mtu kwa kawaida husoma kwanza shahada nyingine kwa miaka minne, ndipo aombe nafasi katika chuo cha udaktari na kusoma mingine minne. Mgeni wetu amemaliza miaka miwili ya biolojia. Hajaingia chuo cha udaktari, na bado hana hakika kama atapata nafasi. Haya nimeyajua Jumatano usiku, baada ya jambo lenyewe kutokea.

Jumatano jioni aliletwa mvuvi mmoja wa makamo kutoka upande wa Sahare, aliyekanyaga kipande cha chupa akisukuma ngalawa. Daktari wa zamu alikuwa na foleni iliyofika mlangoni. Kwa jinsi nilivyosimuliwa, alimchoma mgonjwa dawa ya ganzi, akashona uzi wa kwanza huku mgeni wetu anatazama, kisha akamkabidhi koleo na sindano, akamwambia amalizie. Alisimama naye kidogo, akaitwa kwingine. Sidhani kama alikusudia ubaya. Alimwona mwanafunzi wa udaktari, tena mgeni aliyetoka mbali, akataka asirudi kwao mikono mitupu.

Usiku ule alinionyesha picha katika simu, ameinama juu ya mguu wa yule mzee, amevaa glavu zilizompwaya. Alikuwa na furaha, lakini mkono ulioshika simu ulikuwa unatetemeka. Akaniambia kwamba aliogopa kukataa, kwa sababu katika maelekezo ya kabla ya safari walifundishwa kwamba kwetu si adabu kukataa kile mwenyeji anachokupa. Kisha akaniuliza kama alifanya vizuri. Nikamwambia hongera. Bibi Mshauri, neno hilo nalo ninalijutia, maana nililitoa ili kuukwepa ukimya.

Ijumaa nilipangwa katika chumba cha kusafishia vidonda, na wa tatu kuingia alikuwa mvuvi yule yule. Nilifungua bandeji. Nyuzi zilikuwa sita. Ule wa kwanza ulikaa sawa. Mbili zilizofuata zilikazwa mno hata nyama ikabanwa na kubadilika rangi, na zilizobaki zililegea, hivyo mdomo mmoja wa kidonda ulikuwa umepanda juu ya mwenzake. Muuguzi aliangalia, akaniangalia mimi, akatoka kumwita daktari, na nyuzi zile mbili zikakatwa. Mzee hakulalamika hata kidogo. Aliniambia kwamba yule daktari wetu wa Kizungu ana mkono mwepesi, hakusikia maumivu yoyote, na kwamba akirudi baharini atamletea changu wawili. Nilipaswa kumwambia kuwa kilichozuia maumivu ni ganzi, na kuwa yule si daktari. Nikaendelea kufunga bandeji.

Sasa nifike kwenye kinachonitesa zaidi. Sisi darasani tulishona vipande vya godoro kwa wiki kadhaa kabla ya kumgusa mgonjwa, na mgonjwa wangu wa kwanza nilimshona mwalimu akiwa begani kwangu. Kabla ya hapo nilisubiri miezi. Mgeni amefika siku ya nne tangu ashuke kwenye basi, akapewa sindano. Ninapolifikiria jambo hili usiku, siwezi kutenganisha haki ya mgonjwa na kijicho changu. Huenda kama aliyeshona vibaya angekuwa mwanafunzi mwenzangu wa darasani ningenyamaza, na huenda ninautafuta ubaya kwa tochi kwa sababu nimepitwa. Ninakuomba uliseme hili waziwazi ukiliona, nitalipokea.

Hata hivyo, yapo ambayo si kijicho. Nilimwuliza mgeni kama alielezwa la kufanya endapo atajichoma na sindano iliyotumika. Hakuelezwa. Sisi tulifundishwa mapema: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, toa taarifa papo hapo, na dawa kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI zianzwe haraka iwezekanavyo, zisipite saa 72. Msichana huyu angejichoma Jumatano, angenyamaza kwa aibu mpaka Jumapili. Usiku wa Ijumaa nilitafuta kwenye simu nikakuta kwamba chama cha vyuo vya udaktari vya Marekani, AAMC, kilitoa mwongozo mwaka 2011 kwa ajili ya wanafunzi wanaokwenda kujifunza nje, ukiwataka wasiwafanyie wagonjwa yale wasiyofundishwa. Na huku kwetu sheria ya mwaka 2017 inayosimamia madaktari na wataalamu wa afya shirikishi inataka anayetibu awe amesajiliwa. Kwa hiyo kumnyamazia si kumtunza hata yeye mgeni.

Jana jioni amerudi na habari kwamba wiki ijayo atakuwa wodi ya wazazi, na ameahidiwa kwamba akibahatika ataonyeshwa namna ya kuzalisha kwa mikono yake. Aliposema hivyo mama aliacha kupepeta mchele.

Nilipobaki na mama nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba mgonjwa ni mtoto wa mtu na jambo hili halifai, lakini akanisihi nisije nikatia mchanga kitumbua chetu kwa pupa. Mratibu wa programu ni mtu wa hapa hapa mjini, ndiye anayeamua mgeni alale nyumba gani, na hospitalini anapokelewa vizuri kwa sababu haji bila maboksi ya glavu. Akiona nyumba yetu inaleta maneno, atawapeleka wageni kwingine. Daktari yule wa zamu naye ndiye anayetia saini daftari langu la mafunzo. Nikiri pia kwamba amenifundisha mengi kuliko wengine wote pale, na hajawahi kunidhalilisha mbele ya mgonjwa. Nikienda kwa mganga mfawidhi bila kuzungumza naye kwanza, nitajiona msaliti. Nikizungumza naye kwanza, sijui mwanafunzi wa mwaka wa pili anaanzaje kumwambia daktari kwamba amekosea.

Njia inayonivutia ni kuanza na mgeni mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haki ya kusema hapana bila kumshtaki mtu. Ninachohofia ni kwamba akielewa kilichoupata mguu wa yule mzee atavunjika moyo, na wiki ya kwanza ugenini ni nzito hata bila hilo. Tayari nimemsikia usiku akilia taratibu kwenye simu na mama yake. Je, nimweleze habari za zile nyuzi zilizokatwa, au nimweleze tu kuhusu wodi ya wazazi na sheria, ya nyuma niyaache? Na mvuvi atarudi Jumanne kusafishwa kidonda. Je, ni juu yangu kumwambia nani alimshona, au hilo ni la daktari?

Ninaelewa kwamba jibu lako huenda lisifike kabla ya keshokutwa Jumatatu, ambapo saa moja na nusu asubuhi tutatoka naye pamoja kwenda kazini. Nimekwisha kuitunga sentensi nyingine ya kumfundisha: "Mimi bado sijaanza kusomea udaktari, nimekuja kutazama." Ni fupi na anaweza kuishika kwa usiku mmoja. Nimeshindwa kumpa tangu asubuhi, kwa sababu najua ataniuliza ile ya kwanza ilikuwa na kasoro gani.

Wako msomaji,
Binti wa Makorora, Tanga